Uzi: Kijana akiingia jeshini leo, siku ya kutoka atatoka na nini?

#1 MkaziWaFreeArea

Wadau, salamu kutoka Nakuru. Kila tangazo la KDF (Jeshi la Ulinzi la Kenya) likitoka, huku Lanet na Free Area utasikia maswali yale yale: praivati analipwa ngapi, misheni ya kulinda amani ina dola ngapi, nani anajua mkubwa. Ninayotaka tujadili ni yale yasiyoulizwa: kinachokatwa, kinachomfunga mtu asitoke, na anachobaki nacho akitoka.

Kuna vijana watatu wanaotaka ushauri. Wa kwanza ana D+ ya KCSE (mtihani wa kidato cha nne), miaka 20, hana kozi. Wa pili ni fundi umeme mwenye cheti cha NITA (mamlaka ya mafunzo ya viwandani) gredi ya tatu, ya chini kabisa. Wa tatu amepata grini kadi na anaambiwa jeshi la Marekani ndiyo njia ya mkato. Wanaojua waandike kwa hesabu. Hadithi za binamu ya rafiki tuwaachie vinyozi.

#2 Makaratasi_Kakamega

Nianze mlangoni, maana wengi huanguka hapo wakidhani wamefanyiwa njama.

Kurutu wa kawaida: raia wa Kenya, miaka 18 hadi 26, KCSE kuanzia D, urefu usiopungua mita 1.60, uzito kilo 54.55 kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke, bila rekodi ya uhalifu. Mwanamke asiwe mjamzito wakati wa usajili wala mafunzo. Kijana wa kwanza na D+ yake anaingia bila wasiwasi.

Makurutu hufika wenyewe kwenye kituo siku iliyotangazwa, hakuna cha kutuma maombi. Makadeti na maafisa wenye taaluma ndio huomba mtandaoni. Makurutu huenda Eldoret, makadeti huja Lanet. Usichanganye njia hizi mbili: kuna watu hukaa kwenye simu wakisubiri ujumbe wakati wenzao wamepanga foleni uwanjani.

Sasa vitu vidogo vinavyorudisha watu nyumbani:

Uzito. 54.55 si 54. Mizani ya duka la dawa mtaani inaweza kukosea kilo nzima, na mtu aliyekimbia juani bila maji anapoteza karibu kilo nyingine kwa jasho. Mwenye 55 kamili nyumbani yuko hatarini. Jiwekee akiba ya kilo 2, na ule asubuhi.

Urefu. Hupimwa bila viatu. Mwili hufupika kama sentimita moja kuanzia asubuhi hadi jioni, kwa hiyo mwenye 1.60 ya kubahatisha asije mwisho wa foleni saa tisa.

Majina. Kitambulisho kinasema Wafula Barasa, cheti cha KCSE kinasema Barasa W. Brian. Hili usilipeleke uwanjani ukitarajia huruma. Rekebisha miezi kadhaa kabla, kwa hati ya kiapo au ya kubadilisha jina kulingana na tofauti ilivyo. Na ulete vyeti halisi pamoja na nakala. Picha kwenye simu hazihesabiki.

Meno, macho, masikio na nyayo hukaguliwa. Jino bovu linazibwa mapema kwa pesa kidogo. Nyayo bapa huna la kufanya.

#3 Kondele_Macho

Ongeza la hongo. Huku Kisumu watu huuza ng'ombe wawili kumpa mtu asiye hata na ofisi. Barua ya kuitwa ikikujia kupitia wakala, ukafika nayo Eldoret, unakamatwa wewe uliyeishika. Sheria ya Hongo ya 2016 haibagui mtoaji na mpokeaji: kifungo hadi miaka 10 au faini hadi shilingi milioni 5. Usajili ni bure.

#4 Hesabu_Kisumu

Pesilipu. Sitataja mshahara wa cheo chochote, maana takwimu zinazozunguka mtandaoni hazina mwenyewe. Nitachukua 50,000 za kufundishia, zote za kutozwa kodi. Weka tarakimu zako utumie njia hiyo hiyo.

Ada ya nyumba, asilimia 1.5: 750.
SHIF (bima ya afya ya jamii), asilimia 2.75: 1,375.

Tangu mabadiliko ya sheria za kodi ya mwisho wa Desemba 2024, hizi mbili huondolewa kabla ya kodi kukokotolewa. Watu wengi bado wanatumia hesabu ya zamani ya nafuu wanapata jibu lisilo sahihi. Kinachobaki kutozwa ni 47,875.

24,000 za kwanza kwa asilimia 10: 2,400.
8,333 zinazofuata kwa asilimia 25: 2,083.25.
15,542 zilizobaki kwa asilimia 30: 4,662.60.

Jumla 9,145.85. Toa nafuu binafsi ya 2,400, unabaki na kodi ya 6,745.85. Mkononi: 50,000 toa 2,125 toa 6,745.85, ni 41,129.15. Hapo hujaweka sako (chama cha akiba na mikopo), bima wala mkopo.

Angalia pale asilimia 30 inapoanza: 32,333 kwa mwezi. Kwa hiyo nyongeza yoyote juu ya hapo, iwe ya koplo au ya sajini, serikali inachukua karibu theluthi. Ndiyo maana kupandishwa cheo huwa na sherehe kubwa kuliko pesilipu ya mwezi unaofuata.

#5 MamaWaMbale

Asante Hesabu. Na hiyo mikopo ya kukatwa moja kwa moja kwenye mshahara? Huku Vihiga mtoto akivaa magwanda tu, kabla ya mwaka kwisha ana pikipiki tatu za bodaboda na deni.

#6 Hesabu_Kisumu

Mama, hapo ndipo penyewe. Kwa maoni yangu mkopo ndio huamua mtu atakaa jeshini hadi lini, kuliko mshahara.

Mfano: 500,000 kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, salio likipungua. Kwa miezi 48 unalipa karibu 14,170 kila mwezi, jumla kama 680,000. Afisa wa benki atakuambia uburute hadi miezi 72 ili makato yawe 10,846. Inaonekana nafuu, lakini jumla imefika kama 781,000. Umenunua nafuu ya 3,300 kwa mwezi kwa bei ya laki moja.

Riba si jambo baya kuliko yote hapo. Baya ni tarehe. Kijana ameingia kwa mkataba wa muda fulani, kisha mwaka wa pili anachukua mkopo wa miaka sita, mwaka wa nne anaongeza juu yake, kinachoitwa kujaza, na saa inaanza upya kutoka sifuri. Mkataba unafika mwisho, deni bado linaning'inia. Huyo haulizwi kama anataka kuendelea na kazi. Ameshajibu benki.

Kanuni ninayowapa watu: mwezi wa mwisho wa mkopo usizidi mwezi wa mwisho wa mkataba uliomo sasa. Na usikubali kujaza kabla ya kuomba taarifa ya salio iliyoandikwa, uone ni kiasi gani cha pesa mpya kinachoingia mfukoni na kiasi gani kinamaliza deni la zamani.

#7 Sheria_Bungoma

Hesabu, nyongeza muhimu. Benki hupenda kutaja kanuni ya theluthi, kwamba makato hayawezi kupita theluthi mbili ya mshahara. Hicho ni kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007. Rudi nyuma hadi kifungu cha 3: sheria hiyo haihusu jeshi. Haihusu pia polisi, magereza wala NYS (huduma ya vijana kwa taifa). Kwa hiyo askari asiishike kama ngao. Kikomo kinachomlinda ni kile ambacho ofisi ya malipo yake mwenyewe inatekeleza.

Vivyo hivyo chama na mgomo. Katiba, ibara ya 24(5), inaruhusu sheria kuwapunguzia wanajeshi haki kadhaa, ikiwemo ile ya ibara ya 41 ya mahusiano ya kazi. Malalamiko ya malipo hupanda ngazi kupitia kamanda wako, kwa maandishi, hatua kwa hatua. Weka nakala yenye tarehe ya kila barua; ngazi ya juu ikiuliza ulilalamika lini, kumbukumbu ya kichwa haitoshi.

Wana Nakuru wanajua kwa nini jambo hili ni zito. Januari 1964, wiki ile ile askari wa Tanganyika walipoasi tarehe 20 na wa Jinja, Uganda, tarehe 23, askari wa Kikosi cha 11 cha Kenya Rifles hapo Lanet waliasi usiku wa tarehe 24. Malipo, hali ya kazi na maafisa Waingereza kubaki juu vilikuwa kiini. Wanajeshi wa Uingereza waliitwa kuwazima, na kikosi chenyewe kikavunjwa.

#8 Kondele_Macho

Na mtu akichoka tu? Aandike barua aende zake?

#9 Sheria_Bungoma

Hapana kabisa. Barua ya kujiuzulu ni ombi. Hadi ombi likubaliwe na upewe hati ya kuachishwa, wewe ni askari, na kutokuwepo kwako ni kosa: kwanza utoro, na ikionekana huna nia ya kurudi, kutoroka jeshi.

Mfano wa hadharani: mwaka 2014 mahakama ya kijeshi Mombasa iliwahukumu wanamaji 26 kifungo cha maisha kwa kutoroka. Walikuwa wameondoka miaka ya 2007 na 2008 kwenda kufanya kazi ya ulinzi ya mishahara minono Iraq na Afghanistan. Rufaa zilifuata, lakini fikiria tu miaka waliyopoteza. Utetezi kwamba barua ziliandikwa haukuwaokoa mbele ya mahakama ile.

Hatua salama: andika ombi, ulipitishe kwa kamanda, endelea kuripoti kazini, rudisha vifaa kwa orodha iliyotiwa sahihi, maliza au uhamishe madeni, kisha ndipo uondoke na hati mkononi. Mwajiri mpya asiyeweza kusubiri hayo anakutafutia kesi.

#10 Misheni_Webuye

Wacha niguse dola, maana zinapotosha watu.

Umoja wa Mataifa unalipa serikali inayotoa askari kiwango kimoja kwa kila kichwa: dola 1,428 kwa mwezi tangu Julai 2018, zikapanda hadi 1,448 Julai 2022. Pesa hizo ni fidia kwa serikali. Askari hulipwa na nchi yake kwa viwango vya nchi yake. Anayekwambia "misheni ni dola elfu moja mia nne" amesoma hundi ya serikali akadhani ni ya kwake.

Somalia ilikuwa na mpango tofauti. Chini ya AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika, Umoja wa Ulaya ulitoa dola 1,028 kwa kila askari kwa mwezi, serikali zikikata kama 200. Mwaka 2016 Ulaya ikapunguza mchango wake kwa asilimia 20. AMISOM ikawa ATMIS mwaka 2022, na Januari 2025 AUSSOM ikachukua nafasi. Kila jina likibadilika, ufadhili unajadiliwa upya, na malipo huchelewa.

Kwa hiyo posho ya misheni ipange kama mvua: ikija ichimbie kisima, usiipandie mpunga wa mwaka mzima. Makosa mawili ya kawaida ni kuchukua mkopo unaolipika kwa posho tu, na kudhani posho itaingia kwenye hesabu ya pensheni. Haiingii.

(Na tafadhali, Haiti ya 2024 ilikuwa ya polisi, si KDF.)

#11 FundiMkuu_Gilgil

Nijibu la fundi umeme.

Aingie upande wa ufundi kama tangazo linataka fani yake, na abebe cheti cha NITA, lakini ajue tatizo la kila jeshi duniani: mshahara hufuata cheo, na cheo hufuata idadi ya watu unaowaongoza. Fundi bora kabisa wa jenereta hawezi kulipwa zaidi kwa kuwa bora na jenereta. Lazima awe koplo, sajini, sajini mwandamizi, afisa mteule, na kila ngazi nafasi zinapungua. Akifika mahali pa kungoja, huku nje kuna mitambo ya umeme wa mvuke ya Olkaria, kuna viwanda, kuna minara ya simu. Ndiyo maana mafundi, madaktari na marubani huwa wa kwanza kuondoka. Hawachukii jeshi. Soko linawaona na mizani ya vyeo haiwaoni.

Afanye nini akiwa ndani?

Apande gredi za NITA kutoka tatu hadi mbili hadi moja angali kazini. Kozi za ndani ni nzuri, lakini vyeti vyake hujaa namba na vifupisho ambavyo mwajiri wa kiraia havielewi. Gredi ya kwanza ya NITA inasomeka popote.

Aweke daftari la kazi: tarehe, mashine, ukubwa wake kwa kilovati, hitilafu, alichofanya. Yasiyo ya siri tu. Tathmini ya ujuzi wa awali huhitaji ushahidi, na mtu aliyefanya kazi miaka 12 bila karatasi hupimwa kama aliyemaliza kozi jana.

Dereva naye ahakikishe leseni yake ya udereva ya NTSA ina madaraja ya magari anayoendesha, na asiiache iishe muda. Anayetaka ulinzi wa kibinafsi baadaye atasajiliwa na PSRA, mamlaka ya ulinzi wa kibinafsi, kama mtu mwingine yeyote, magwanda hayamsamehi.

#12 Seattle_Mamboleo

Kwa yule wa grini kadi.

Mwenye grini kadi anaweza kuingia kama askari wa kawaida Marekani. Hawezi kuwa afisa wala kupata kazi zinazohitaji kibali cha siri hadi awe raia. Mtihani wa kuingia ni ASVAB; Army (jeshi la nchi kavu) hutaka angalau 31 kwa AFQT, alama ya mtihani huo inayoamua kama unaingia, kwa mwenye cheti cha sekondari, lakini 31 hukupa kazi zilizobaki. Asome Kiingereza cha msamiati na hesabu za fomu mbili miezi mitatu kabla. Kazi huandikwa kwenye mkataba. Ahadi ya mdomo ya msajili haina uzito wowote.

Mkataba wa miaka 4 kwa kweli ni wa miaka 8. Minne kazini, minne kwenye jeshi la akiba ambapo unaweza kuitwa. Watu husaini bila kusoma mstari huo.

Mshahara wa msingi ulioanza Aprili 2025 ulikuwa: E-1, cheo cha chini kabisa, dola 2,319 kwa mwezi; E-2, kinachofuata, dola 2,599. Asiye na familia hulala kambini, hapati posho ya nyumba. Posho za nyumba na chakula hazitozwi kodi, kwa hiyo usilinganishe mshahara wa msingi peke yake na wa kiraia.

Uraia: anajaza fomu N-400 bila ada, jeshi linathibitisha utumishi kwa N-426. Si lazima asubiri miaka mitano kama wengine.

Sasa kutoka. Walioingia tangu Januari 2018 wako kwenye mfumo wa kustaafu uitwao BRS. Serikali inaweka asilimia 1 ya mshahara wa msingi kwenye TSP, akaunti ya akiba ya uzeeni, baada ya siku 60, na baada ya miaka 2 inalinganisha mchango wako hadi ifike asilimia 5. Kwa kiwango hicho cha 2025, E-2 akiweka 129.95 kwa mwezi, serikali inaweka 129.95 nyingine. Asipoweka kitu, anapata 25.99 tu. Hiyo ni pesa inayoachwa mezani kila mwezi na vijana wanaotuma zote nyumbani kujenga.

Pensheni ya kila mwezi huja kwa miaka 20: asilimia 2 mara miaka, yaani asilimia 40 ya wastani wa miezi 36 yenye mshahara wa juu. Miaka 19 ni sifuri ya pensheni. Unaondoka na TSP yako. Kabla ya kufika miaka 12 kuna malipo ya mkupuo ya kumshawishi askari aendelee, angalau mara mbili na nusu ya mshahara wa mwezi kwa walio kazini muda wote, na analipia kwa kuahidi miaka isiyopungua 3 tena. Bonasi ya kuongeza mkataba ni hivyo hivyo: ukivunja, sehemu ambayo hujaitumikia unairudisha.

#13 FundiMkuu_Gilgil

Hapo ndipo wenzetu wamelitatua tatizo la fundi kwa kiasi: bonasi hufuata fani inayopungua, si cheo. Fani ikijaa, bonasi inatoweka mwaka huo huo. Ila wana ukali ambao watu hawauoni: usipopanda cheo kwa muda uliowekwa, unatolewa hata kama unafanya kazi vizuri.

#14 Kondele_Macho

Bado naona mnamtisha kijana. Kwa mtu wa D+ kutoka Nyalenda, kazi yenye chakula, matibabu na mshahara wa tarehe maalum inashinda kila kitu mlichoandika. Anaingia, basi.

#15 Hesabu_Kisumu

Kondele, hakuna aliyemkataza. Aingie kesho. Miaka mitatu ya kwanza, akiwa kambini bila kodi ya nyumba, ndiyo nafuu kubwa atakayowahi kupata maishani. Aweke asilimia 25 kwenye sako kabla pesa haijafika kwenye simu, asiguse mkopo hadi miezi 24 ipite. Kwa mfano wangu wa 41,129, hiyo ni kama 10,280 kwa mwezi. Miezi 36 inakuwa 370,000 kabla ya gawio. Mwenzake wa mkopo wa 500,000 kwa miezi 48, kwa muda huo huo, atakuwa amelipa 510,000 na bado anadaiwa mwaka mmoja.

#16 MamaWaMbale

Moja la mwisho jamani. Huku kwetu ugomvi mkubwa hutokea askari akifariki: mama mzazi, mke wa nyumbani na mke wa kambini wote wanafika ofisini. Inazuiwaje?

#17 Sheria_Bungoma

Mama, huzuiwa na askari mwenyewe angali hai. Fomu ya jamaa aliyojaza akiwa kurutu mara nyingi ina jina la mama na la kaka tu, kwa sababu alikuwa na miaka 19. Ameoa, amezaa, fomu iko vile vile. Kila tukio, yaani ndoa, mtoto, talaka au kifo, aende ofisi ya kumbukumbu za kikosi chake na vyeti halisi: cha ndoa, vya kuzaliwa vya watoto, kitambulisho cha mke. Ndoa ya kimila isajiliwe rasmi. Sheria ya 2014 inaitambua na inataka isajiliwe, hata kama ni mke wa pili. Majina ya watoto yafanane na vyeti herufi kwa herufi. Kisha nakala moja ikae nyumbani, kwa mtu ambaye si mmoja wa wanaogombania.